Kununua, Kumiliki na Kukodisha: Uhakiki wa Maneno ya Ardhi kwa Wasio Raia

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukutana na orodha za istilahi mpya, zilizopimwa na kusanifiwa, tayari kwenda kutumika mashuleni, maofisini na viwandani. Safari hii hatukuanza na neno jipya. Tumekusudia kuyahakiki maneno matatu ya zamani ambayo hayakutungwa na kamati yoyote, nayo ni kununua, kumiliki na kukodisha. Maneno haya kila mmoja wetu anayajua, na kwa sababu hiyo hakuna anayejishughulisha kuuliza yanasema nini yanapoandikwa katika mkataba wa ardhi, hasa pale ambapo upande mmoja wa mkataba huo ni mtu asiye raia.

Kwa maoni yetu, maneno haya matatu, jinsi yanavyotumika hivi sasa, yanawadanganya watu wawili kwa wakati mmoja. Yanamdanganya mtu wa nje aliyeleta fedha zake akidhani amepata kitu ambacho sheria haikumpa. Tena yanamdanganya mwanakijiji aliyekubali kutoa ardhi yake akidhani ipo siku itamrudia. Hayo si makosa ya maneno yenyewe. Ni makosa yetu sisi tunaoyatumia mahali pasipo pake, ilhali lugha yetu ina maneno mengine yanayofaa zaidi.

Zamani ingaliwezekana kusema kwamba jambo hili halina uzito, kwa kuwa sheria zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kilikuwa cha kuelezea tu. Leo haiwezekani. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipotunga Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, liliweka miongoni mwa misingi ya sera kwamba kanuni za ardhi zielezwe kwa namna ambayo wananchi wote wataweza kuzielewa. Na mwaka 2021 yalifanyika marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo neno la Kiswahili halimfuati tena mwenziwe wa Kiingereza kama kivuli. Neno hilo ndilo litakalosomwa mbele ya hakimu.

Kununua

Katika matumizi ya kila siku, kununua ni kutoa bei na kukichukua kitu moja kwa moja. Aliyenunua mbuzi hatazamiwi kumrudisha, wala hatazamiwi kumlipa aliyemwuza kila mwaka. Hata hivyo wazee wa pwani, waliokuwa wakiandikiana hati za mashamba na nyumba kwa karne nyingi, hawakuridhika na neno moja. Walitofautisha bei kata, inayokata kabisa uhusiano wa muuzaji na mali yake, na bei khiyari, inayomwachia muuzaji nafasi ya kuikomboa mali kwa kurudisha fedha alizopokea. Katika Unguja na Pemba mashamba mengi ya mikarafuu yaliwekwa mikononi mwa wakopeshaji kwa njia hiyo ya pili, na kila aliyetia saini alijua tofauti ya majina hayo mawili ina maana gani kwake na kwa watoto wake.

Tena wazee hao walijua kwamba mti si ardhi, na nyumba si kiwanja. Katika visiwa hivyo minazi na mikarafuu iliweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Mjini Mombasa, katika mitaa ya majengo, mtu aliweza kujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwenziwe, akailipia ardhi ile kila mwezi au kila mwaka, na akaweza kuiuza nyumba bila ya kuuza hata shubiri moja ya kiwanja. Mila hiyo ya nyumba bila ardhi mahakama za Kenya zimeikuta na kuitambua. Basi haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuzipambanua haki zilizo juu ya kipande kimoja cha ardhi.

Tutazame sasa ni kitu gani anachokipata mtu asiye raia katika nchi zetu. Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, na imewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Hata raia hanunui ardhi kwa maana ya bei kata. Anapewa haki ya kukaa na kutumia, ya muda usiozidi miaka 99 inapotolewa kwa muda maalumu. Asiye raia yuko mbali zaidi. Sheria Namba 4 ilisema bayana kwamba hatagawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa mujibu wa sheria ya uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia nayo inahesabiwa kuwa si raia, hata kama imeandikishwa nchini na ina jina la Kiswahili.

Visiwani Zanzibar, ambako ardhi si jambo la Muungano, sheria ya mwaka 1992 iliitamka ardhi yote ya asili kuwa mali ya umma, na haki ya kudumu ya kuitumia ikawekewa Wazanzibari. Mwekezaji wa kutoka nje hukodishwa na Serikali. Sheria ya kondominio ya mwaka 2010 iliongeza njia nyingine, ya mtu kuwa na sehemu ya jengo bila ya kuwa peke yake na ardhi iliyo chini ya jengo hilo.

Nchini Kenya, Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika Ibara ya 65 kwamba mtu asiye raia atashika ardhi kwa kukodi tu, na kwa muda usiozidi miaka 99. Ibara hiyo haikuishia hapo. Inaendelea kusema kwamba hati yoyote itakayodai kumpa asiye raia haki kubwa kuliko hiyo itahesabiwa kuwa imempa miaka 99 na si zaidi. Na wale wasio raia waliokuwa na ardhi isiyo na ukomo wa muda kabla ya siku hiyo, haki yao ilirudi kwa Jamhuri, nao wakapewa miaka 99 badala yake.

Kwa hiyo katika sehemu zote tatu hakuna mtu asiye raia anayeweza kununua ardhi kwa maana inayoeleweka na muuza mbuzi. Lakini tukichukua tangazo la kawaida la kiwanja cha ufukweni tunasoma kwamba "kinauzwa" na kwamba wageni wanakaribishwa. Tukichukua karatasi ya makubaliano iliyoandikwa na dalali tunasoma kwamba "muuzaji amemuuzia mnunuzi, naye mnunuzi amekuwa mwenye ardhi hiyo tangu leo." Sentensi hiyo ni fasaha, haina kosa la sarufi. Kosa lake ni kwamba haina ukweli. Mtu wa nje anayeiamini hulipa bei ya kitu cha milele, hujenga, na siku ya ugomvi hugundua kwamba alichokishika mkononi ni risiti.

Kumiliki

Neno la pili lina historia ndefu zaidi, na hapa lawama haiwaangukii madalali peke yao. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria iliyoifanya ardhi kuwa ya umma na kuanzisha haki ya kuikalia na kuitumia. Pembeni yake yalibaki mashamba yaliyokuwa na milki kamili, hasa yale yaliyotokana na utawala wa Wadachi. Mwaka 1958 lilipoletwa wazo la kuieneza milki ya namna hiyo, Mwalimu Nyerere alilipinga katika kijitabu alichokiita Mali ya Taifa, akihofia kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa itaishia mikononi mwa wenye fedha, na wageni wakiwa wa mbele. Mwaka 1963, baada ya uhuru, milki zile kamili ziligeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka kwa Serikali. Mwaka 1969 upangaji huo nao uligeuzwa kuwa haki ya kukaa na kutumia. Kwa ufupi, milki iliondolewa nchini kwa makusudi, hatua kwa hatua, na kwa sababu zilizoelezwa hadharani.

Ajabu ni kwamba jambo lililoondolewa katika sheria tumelirudisha kwa mlango wa lugha. Hati inayothibitisha haki ya kukaa na kutumia tumeizoea kwa jina la hati ya kumiliki ardhi, na kwa kifupi hatimiliki. Mwenye hati anaitwa mmiliki. Kugawiwa ardhi kunaitwa kumilikishwa. Na milki, kama inavyojulikana na kila aliyesoma kamusi, ni mamlaka kamili juu ya kitu, mamlaka ya mfalme juu ya nchi yake. Neno hilo hilo katika umbo la hakimiliki tumempa pia mtunzi wa vitabu na mwimbaji kwa ajili ya kazi zao, hata msomaji asiyekuwa mwangalifu hujiuliza kama ardhi nayo ni kazi ya sanaa.

Mgongano unaonekana vizuri zaidi mwisho wa mwaka wa fedha. Mwenye hati hutakiwa alipe kodi ya pango la ardhi. Pango ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Basi karatasi moja inamwita mtu mmiliki, na ankara inayofuata inamtoza pango. Raia huyazoea mambo haya na kuyacheka, kwa kuwa anajua nchi ni yake kwa hali yoyote. Lakini mtu wa nje anayesomewa neno "mmiliki" kwa tafsiri ya lugha ya kwao hana sababu ya kucheka. Amejulishwa kwamba amekuwa na milki. Hakujulishwa kwamba muda una mwisho, kwamba masharti ya uendelezaji yakivunjwa haki inaweza kufutwa, wala kwamba inapofika siku ya fidia, sheria huitazama ardhi ya asiye raia iliyopatikana kabla ya kutungwa kwake kama kitu kisicho na thamani, isipokuwa yale maendelezo yasiyokwisha yaliyomo, yaani majengo na kazi ambazo faida yake bado ipo.

Watatokea watakaotuambia kwamba neno kumiliki limekwisha kuota mizizi, na kwamba raia hasa anapenda kuitwa mmiliki, kwa kuwa akiitwa mtumiaji ataogopa kunyang'anywa. Hoja hii tunaiheshimu. Hofu ya mkulima mdogo si ya kupuuzwa, na hatupendi jina la haki yake lidhoofike kwa sababu ya usanifu wetu. Lakini tunauliza: kinga yake ni jina au ni haki? Zanzibar watu wamezoea kusema haki ya matumizi ya ardhi, na hatukusikia kwamba Mzanzibari amejiona mpangaji katika kisiwa chake kwa sababu hiyo. Neno lenye nguvu pale ni haki. Likitangulia, matumizi hayana unyonge.

Ipo istilahi nyingine inayostahili kutazamwa hapa. Asiye raia kwa kawaida hapati haki yenyewe ya kwanza. Ardhi hutengwa kwa mamlaka ya uwekezaji, na mamlaka hiyo humkatia mwekezaji haki iliyo chini ya ile yake. Haki hii ya chini huitwa katika baadhi ya maandishi haki isiyo asili, na hati yake hati isiyo asili. Istilahi hii tunaiona kuwa na kasoro. Kitu kisicho asili katika masikio ya Mswahili ni kitu cha bandia, kama vile kucha au nywele za dukani. Mtu aliyefuata taratibu zote za sheria anakabidhiwa hati ambayo jina lake linaitilia shaka. Tena jina hilo halielezi jambo lililo muhimu, yaani kwamba haki hii inaning'inia kwenye nyingine, na ile ya juu ikianguka hii nayo imekwisha.

Mgeni

Kabla hatujalifikia neno la tatu, yafaa tulitazame jina la mtu mwenyewe. Matangazo na mazungumzo ya watu humwita mgeni. Neno hili ni zuri na la kale, lakini haliwezi kubeba mzigo wa sheria. Mgeni ni aliyefika nyumbani kwako jana, ni mtu wa kabila jingine, ni mtu wa mji wa pili, tena ni mtu wa nchi za mbali. Mgeni tunamtandikia jamvi, na baada ya siku mbili, kama isemavyo methali, tunampa jembe. Tuangalie kwamba methali inampa jembe. Shamba haikumpa.

Sheria haikusema mgeni bali asiye raia, na maneno hayo mawili hayana mipaka sawa. Mtu aliyezaliwa ng'ambo akapata uraia wa Tanzania si mgeni mbele ya Sheria ya Ardhi, hata akiongea Kiswahili cha kubabaika. Kampuni iliyojaa wafanyakazi wenyeji inaweza kuwa si raia kwa sababu ya hisa zake. Nchini Kenya kipimo ni kikali zaidi, kwani kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapokuwa yote mikononi mwa raia, na mali iliyowekwa amana huhesabiwa kushikwa na raia pale tu ambapo wanufaika wake wote ni raia. Na Zanzibar hata neno raia halitoshi, kwa kuwa kipimo kule ni Uzanzibari. Mtu wa Bara ni raia wa Jamhuri ya Muungano lakini kwa ajili ya haki ile ya kudumu ya matumizi ya ardhi hawi Mzanzibari kwa uraia huo peke yake.

Utelezi wa neno mgeni ndio unaozaa desturi ya kununua kwa jina la rafiki. Mtu wa nje huambiwa kwamba kikwazo ni ugeni wake, basi ugeni unatibika kwa kumpata mwenyeji wa kuandikisha ardhi kwa jina lake. Kama angaliambiwa kwamba kikwazo ni uraia wa yule mwenye kunufaika, angaliona mara moja kwamba jina la rafiki haliondoi kitu. Ibara ya 65 iliyotajwa hapo juu imeifunga njia hiyo kwa maneno machache. Anayeipita hujiweka katika huruma ya rafiki yake, na ya warithi wa rafiki yake, ambao huenda hawakupata kumwona.

Kukodisha

Sasa tunalifikia neno ambalo kwa maoni yetu lina madhara makubwa kuliko yote, na wanaoumia hapa ni watu wetu wenyewe.

Kukodisha ni kutoa kitu kwa muda ili kipate kurudi. Mkulima anayekodisha shamba kwa msimu anajua kwamba baada ya mavuno atarudi na jembe lake. Mwenye mtumbwi anayeukodisha anakaa ufukweni akiungoja. Urejeo umo ndani ya neno lenyewe. Ukiutoa, neno limekufa.

Tumtazame basi mwanakijiji anayehudhuria mkutano mkuu wa kijiji unaojadili ombi la mwekezaji kutoka nje. Ardhi inayoombwa ni ya kijiji. Ili mwekezaji huyo apewe haki yake, ardhi hiyo yapasa kwanza itoke katika fungu la ardhi ya kijiji na kuingia katika fungu la ardhi ya jumla. Sheria Namba 5 imeweka utaratibu kwa ajili hiyo: tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, fidia hujadiliwa, na ardhi ikiwa haizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuyatazama mapendekezo ya mkutano huo. Jina la tendo hili lipo, nalo ni zuri: kuhawilisha. Neno hili linatokana na asili ile ile ya hawala, yaani kuhamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Lakini mkutanoni halisikiki. Kinachosikika ni kwamba kijiji "kitamkodisha" mwekezaji, au "kitampa" kwa miaka kadhaa. Mzee aliyekaa chini ya mwembe anapiga hesabu: miaka 33, miaka 50, hata ikiwa miaka 99, mimi sitakuwapo lakini wajukuu wangu wataikuta ardhi yao. Kwa hesabu hiyo ananyanyua mkono kukubali.

Hesabu ya sheria ni nyingine. Ardhi ikisha kuhawilishwa si ya kijiji tena. Na muda wa haki ya asiye raia unapokwisha, au haki hiyo inapofutwa, Sheria Namba 4 inasema kwamba inarudi kwa mamlaka ya uwekezaji au mamlaka nyingine itakayotajwa na Waziri. Haikusema kwamba inarudi kwa kijiji. Urejeo upo, ila anayerejeshewa ni mwingine. Mzee yule amenyanyua mkono kwa ajili ya neno ambalo halimo katika hati.

Hatusemi kwamba ardhi za vijiji zisitolewe kwa uwekezaji. Hilo ni jambo la sera, na wenye kuliamua wapo. Pengine mkutano ule ule, kama ungaliambiwa kwamba ardhi inahawilishwa moja kwa moja, ungalikubali kwa fidia kubwa zaidi, au kwa eneo dogo zaidi, au ungalikataa. Tunachosema ni kwamba haukupewa nafasi ya kuchagua, kwa kuwa neno uliloambiwa lilikuwa limekwisha kuuchagulia.

Na hilo fungu la ardhi ya jumla linahitaji maelezo kila linapotajwa. Jumla ni hesabu nzima, tena jumla ni biashara ya mafungu makubwa. Msikilizaji anaweza kudhani kwamba ardhi ya jumla ni ile ya watu wote kwa pamoja, malisho na kuni zikiwamo, na kwamba kuipeleka huko ni kuiweka wazi kwa kila mtu. Sivyo. Ni ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inayogawiwa na Serikali kuu.

Maneno ya ng'ambo

Watu wetu nao ni wasio raia katika nchi za wenzao, na tafsiri mbaya huwafuata huko. Siku hizi wapo Waswahili wanaotafuta fleti Dubai. Sheria ya huko, Namba 7 ya mwaka 2006, inamruhusu mtu wa nje kupata haki katika maeneo yaliyotajwa tu, nayo inazitofautisha haki tatu: milki kamili isiyo na muda, haki ya kunufaika na mali ya mwingine kwa muda usiozidi miaka 99, na upangaji wa muda usiozidi huo. Zote tatu wakala huzitafsiri kwa neno moja, kununua. Ile ya pili Waarabu huiita kwa neno lenye asili moja na manufaa yetu. Tungaliweza kuiita haki ya manufaa bila ya taabu, na kila mtu angaliielewa.

Uingereza vilevile fleti nyingi za London zinazosemwa kununuliwa huwa ni upangaji wa miaka mingi ambao hupungua kila mwaka unaopita. Sheria yao ya mwaka 2022 ilielekeza kwamba katika upangaji mpya mwingi wa namna hiyo pango la ardhi lisizidi punje moja ya pilipili manga. Usemi huo huo wa kisheria ulitumika katika Katiba ya Kenya, kwa ajili ya wale waliopewa miaka 99 badala ya ardhi isiyo na ukomo. Tumeona wafasiri wakihangaika na pilipili hiyo. Anayeitafsiri neno kwa neno humfanya msomaji acheke au atafute kibaba. Maana yake ni kodi ya jina tu, inayotajwa ili mkataba uwe na kodi, si ili mtu alipwe.

Mapendekezo

Baada ya uhakiki huu tunathubutu kuleta mapendekezo machache, tukitazamia kwamba wasomaji, na hasa wanasheria na maofisa wa ardhi, watayapima na kuyasahihisha.

Kwanza, katika hati na matangazo rasmi neno mgeni liachwe, na badala yake pawe na asiye raia, au asiye Mzanzibari pale inapohusu sheria za Zanzibar. Kwa kampuni isemwe kampuni isiyo ya raia, na kipimo cha hisa kitajwe.

Pili, neno milki na vizalia vyake yawekewe haki isiyo na muda wala mwenye juu yake. Kwa haki inayotolewa nchini isemwe haki ya kukaa na kutumia ardhi, au kwa kifupi haki ya matumizi, na mwenye nayo aitwe mwenye haki.

Tatu, badala ya haki isiyo asili isemwe haki tegemezi, ili jina lenyewe litamke kwamba ipo nyingine inayoibeba.

Nne, maneno kuuza na kununua yasisimame peke yake katika mkataba wa ardhi na asiye raia. Kitajwe kinachouzwa: nyumba, mazao, maendelezo, au miaka iliyobaki ya haki.

Tano, kukodisha na kupangisha yatumike pale tu ambapo ardhi inarudi kwa yule yule aliyeitoa. Pale ambapo haimrudii, isemwe kuhawilisha, na isemwe mkutanoni kwa sauti, kabla ya mikono kunyanyuliwa.

Sita, kila mkataba wa namna hii uwe na kifungu kinachoitwa urejeo, kinachojibu maswali mawili: muda ukiisha ardhi inarudi lini, na inarudi kwa nani.

Pendekezo hili la mwisho ndilo tunalolishikilia zaidi. Mengine yanaweza kungoja kamati na vikao, na huenda yakapata maneno bora kuliko haya yetu. Hilo halihitaji neno jipya wala gharama. Linahitaji mstari mmoja wa Kiswahili ambao mzee wa chini ya mwembe na mtu aliyetoka ng'ambo watausikia kwa maana moja.